“Mteja hapa”: wakala aliyesoma Kurani akashindwa na risiti

Mama mtu ndiye aliyenipa jibu, na alinipa akidhani anamshtaki bintiye.

“Daktari, huyu anatuchezea,” alisema, mkoba mapajani. “Kurani anasoma. Juzi baada ya isha nimemsikia kwa masikio yangu, kurasa mbili nzima. Ukimpa risiti ya duka, ati haoni. Mjomba wake anasema ni jini. Nikamuuliza, ni jini gani hili lisiloogopa Kurani likaja kuogopa risiti?”

Binti alikuwa amekaa kimya, mtandio ameuvuta mbele hadi kwenye nyusi, kama mtu anayejikinga jua ndani ya chumba. Nilikuwa nimeshampima kwa dakika 20. Kwenye kadi yake nilikuwa nimeandika 6/6 jicho la kulia, 6/6 jicho la kushoto, na kalamu ilikuwa njiani kuandika “macho mazima”. Nikaiweka chini.

Mimi ni mpima macho, na kazi yangu iko hapa Kisumu. Huyu binti nitamwita Wakala, maana kazi yake ilikuwa uwakala wa M-Pesa kwenye kibanda kimoja upande wa Kondele. Ameniruhusu nikiandike kisa chake, na mambo machache nimeyageuza ili asitambulike. Ninakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaopima macho, na kwa ajili ya jamaa wa watu waliogongwa kichwa wakarudi nyumbani “wamepona”.

Alikuwa na miaka 26. Jioni moja ya masika alipakiwa kwenye bodaboda bila helmeti, lami imelowa, pikipiki ikateleza. Aliangukia chali na kisogo kikapiga ukingo wa barabara. Siku 2 hakujitambua, siku 11 akawa wodini. Picha ya CT ilionyesha damu imevilia sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kushoto. Hakuhitaji kupasuliwa. Barua aliyoruhusiwa nayo ilikuwa na mistari 4: anakula, anatembea, anaongea vizuri, arudi kliniki baada ya mwezi. Kuhusu kuona, hamna neno. Sina haja ya kumgombeza aliyeiandika. Mtu akiamka kutoka kwenye usingizi kama ule, kila mtu anafurahia kwamba anataja jina lake na anaomba uji. Nani atamuuliza kama anaiona nusu ya pili ya sahani?

Sahani yenyewe, kwa kweli, ilikuwa imeshasema. Shangazi aliyekuwa akikaa naye Manyatta aliniambia baadaye kwamba siku za kwanza alikuwa anaacha samaki upande mmoja na kula ugali peke yake, wakidhani ameukinai samaki.

Wiki ya 6 akarudi kibandani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mteja anaandika kwenye kikaratasi “4500” na kutoa noti. Wakala anahesabu noti vizuri, kisha anaweka 450. Mteja akipata ujumbe wa simu pale pale, ugomvi. Akiwa ameshaondoka, anarudi na mashahidi. Kwenye kitabu, namba za simu zilikuwa na tarakimu 8 au 7, safu ya kiasi imepungukiwa sufuri, saini zimeandikwa juu ya kiasi badala ya mahali pake. Jioni pesa taslimu na floti vinakataa kulingana na kitabu. Mwenye kibanda alikaa naye wiki 3 akiwa mpole, halafu upole ukaisha. Watu wa jirani walishaanza kusema huyu msichana anawakata wateja. Ukiangalia makosa yale yalivyoelekea, nao usingewalaumu: karibu kila mara kiasi kilipungua, ni nadra kiongezeke.

Akaenda kununua miwani. Kisha akanunua nyingine. Zote mbili zilikuwa na vioo ambavyo mtu mwenye macho yake angeweza kuvivaa au kuviacha bila tofauti yoyote.

Alipofika kwangu ilikuwa wiki ya 14, na maneno yake yalikuwa haya: “Jicho la kulia limekufa.” Sentensi hiyo ndiyo mtego. Karibu kila mtu aliyepoteza upande mmoja wa kuona husema jicho moja limekufa, na mpimaji naye, akilifunika moja moja na kukuta yote mawili yanasoma ubao mpaka chini, huishia kusema hakuna kitu. Ndivyo nilivyokuwa nataka kufanya. Tena nilikuwa nimemsaidia kukosea. Kila mstari wa ubao aliacha herufi ya mwisho, mimi nikasema “na nyingine?”, akasogeza kichwa kidogo, akaisoma. Aliacha ya mwisho kwa jicho la kulia, na akaacha ya mwisho kwa jicho la kushoto. Nilikuwa ninasikiliza majibu tu, wala sikutazama yanakokatika.

Mama alipotaja Kurani nikamuuliza swali ambalo lilimshangaza: mistari ya Kurani inaanzia wapi?

“Kulia, daktari. Si unajua.”

Nikachukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa maneno ambayo kila Mkenya mwenye simu ameyasikia: MTEJA HAPATIKANI KWA SASA. Nikamwekea mezani.

“Mteja hapa,” alisoma. Akanyamaza. Akasogeza kidole. “Mteja hapa... kwa sasa.”

“Yupo au hayupo?”

“Si umeandika yuko hapa?”

Mama yake aliinama akaiangalia karatasi, kisha akamwangalia bintiye kwa namna ambayo hakuwa amemwangalia tangu waingie.

Nilimketisha mbele yangu, magoti yakikaribiana, nikamwambia anitazame puani asibandue macho. Nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja chake mwenyewe, nikainua vidole katika pembe nne: juu na chini kushoto kwake, juu na chini kulia kwake. Kushoto alihesabu bila kusita. Kulia hakujua hata kama nimeinua mkono. Nikafunika jicho la kulia, lile analosema limekufa, likabaki la kushoto analolisifu. Matokeo yale yale. Nikachukua kifuniko chekundu cha chupa ya dawa, nikakileta polepole kutoka kulia kuelekea katikati. “Sasa,” akasema, kifuniko kilipovuka ncha ya pua yangu. Hakikuanza kufifia kwanza. Hakikuwepo, kisha kikawepo.

Kipimo hicho hakihitaji umeme wala shilingi. Kinachukua dakika 3.

Baadaye niliwatuma mahali penye mashine ya kupima eneo la kuona. Karatasi ilirudi na michoro miwili, mmoja kwa kila jicho, na katika yote miwili nusu ya kulia imepakwa weusi, ukingo wake umenyooka wima kama uliopigwa rula. Mboni za macho zilijibu tochi sawasawa. Nyuma ya jicho, retina na mshipa wa fahamu vilikuwa na afya. Kila kilichoko ndani ya jicho kilikuwa kizima. Tatizo lilikuwa kisogoni.

Nilisomea Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, pale Kakamega, na mchoro wa njia za kuona tuliuchora mpaka vidole vikauma, lakini huwa naona ni rahisi zaidi kuueleza kwa mama wa mtu kuliko kwa mtahini. Kila jicho linaona kulia na kushoto. Nyuzi zinazotoka machoni hukutana katikati ya kichwa, na pale nusu yake huvuka kwenda upande wa pili. Matokeo yake ni kwamba habari zote za upande wa kulia wa dunia, kutoka macho yote mawili, huishia ubongo wa kushoto, na za kushoto huishia ubongo wa kulia. Ukiumia kisogo cha kushoto, hupotezi jicho. Unapoteza upande wa kulia kwa macho yote mawili. Ramani hii ilichorwa kwa damu: daktari wa macho wa Japani, Tatsuji Inouye, aliwapima askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905. Alifuata tundu la kuingilia na la kutokea, akalinganisha na sehemu waliyoacha kuona, na mwaka 1909 akachapisha matokeo yake.

Kwa nini mwenyewe hakujua? Hili ndilo jamaa hukataa kuliamini. Watu hudhani aliyepoteza nusu ya kuona anaona pazia jeusi. Hapana. Jiulize sasa hivi unaona nini nyuma ya kichwa chako. Si giza; ni kutokuwepo. Wakala alikuwa akigongwa bega la kulia na mikokoteni sokoni Kibuye na kuwalaani wasukumaji kwamba wanatokea tu kama majini. Kwake, kweli walikuwa wanatokea tu.

Sasa turudi kwenye Kurani na risiti, maana hapo ndipo kisa hiki kilipo.

Mtu anaposoma, jicho halitelezi juu ya mstari. Linaruka, linatua, linaruka tena. Kila linapotua huchukua habari kutoka dirisha dogo, na dirisha hilo halina pande sawa. Kwa anayesoma kutoka kushoto kwenda kulia, huchukua herufi 3 au 4 tu upande wa kushoto wa pale jicho lilipotua, lakini kulia hufika herufi 14 au 15. Upande ule ndiko anakokwenda, na jicho hutuma mpelelezi mbele: neno lijalo lina urefu gani, nitue wapi. Wasomaji wa Kiebrania waliopimwa mwaka 1981 walikuwa kinyume, dirisha lao linaelekea kushoto. Na walipopewa Kiingereza, watu wale wale, dirisha likahamia kulia. Basi mtu aliyepoteza upande wa kulia, akisoma maandishi yetu, mpelelezi wake amekufa. Kila mruko ni kuruka gizani. Akisoma Kiarabu, mpelelezi wake yuko kushoto, mzima kabisa.

Nilitaka kuwa na hakika kwamba si kumbukumbu tu, kwa sababu msichana aliyekulia Mumias na kusoma madrasa ana sura nyingi kifuani. Mimi Kiarabu sisomi. Nikamwomba mama afungue ukurasa ambao anajua bintiye hajauhifadhi, yeye awe mtahini. Alisoma. Polepole kuliko zamani, mama alisema, lakini maneno yalikuwa kamili, hakuna lililokatwa mkia. Kosa lake lilikuwa mahali pamoja tu: akimaliza mstari na kurudi kulia kuanza mwingine, alibahatisha. Mara mbili alianzia neno la pili, mara moja aliruka mstari mzima. Ndivyo inavyopasa kuwa. Mwanzo wa mstari wa Kiarabu uko kule kwenye upande wake uliopotea.

Na Kiswahili kina ukatili wake. Lugha yetu huweka nafsi na wakati mbele, na kile unachotaka kujua, kitendo chenyewe, hukaa nyuma ya neno. Kata mkia wa neno la Kiingereza na mara nyingi utabaki na mzizi. Kata mkia wa “utarudishiwa” utabaki na “utaru”, ambacho si kitu. Kata wa “watakapofika” utabaki na “wataka”, ambacho ni kitu kingine kabisa, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu msomaji hajui kwamba amekatwa. “Hapatikani” inageuka “hapa”. Tarakimu ndizo zinaumiza kuliko zote. Neno pungufu linaweza kukushtua, lakini 450 ni namba halali, haina dalili yoyote kwamba ilikuwa 4500.

Kabla sijaendelea nilihitaji kuondoa jambo moja. Kuna watu ambao baada ya kuumia ubongo hawapotezi kuona tu, wanapoteza hata wazo kwamba upande ule upo: wananyoa nusu ya ndevu, wanavaa mkono mmoja wa shati. Hutokea zaidi ubongo wa kulia unapoumia, na upande unaosahaulika ni wa kushoto. Hao hufundishwa kwa njia nyingine na kwa subira nyingine. Nilimpa Wakala mstari mrefu auweke alama katikati, na karatasi iliyojaa nyota azikate zote. Alama yake ilivuta kidogo kulia, kuelekea upande asiouona, kama wengi wenye shida hii. Nyota za kulia alizikawiza, lakini akazitafuta mpaka zikaisha. Alijua upande ule upo. Hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote za siku ile.

Habari mbaya nilimwambia wiki iliyofuata, karatasi za mashine zikiwa mezani. Kuona kukirudi kwenyewe baada ya ajali ya namna hii, sehemu kubwa hurudi ndani ya miezi 3 ya kwanza. Baada ya miezi 6 ni nadra. Yeye alikuwa amevuka 3. Hakuna dawa ya matone, hakuna kidonge, hakuna miwani itakayofuta ule weusi kwenye mchoro. Mama aliuliza kuhusu upasuaji, akauliza kuhusu India. Nikasema hapana kwa yote mawili. Binti aliuliza, “Kwa hiyo miwani niliyonunua?” Nikamwambia amwachie mjomba.

Ningeweza kumbandikia kioo cha prizimu, kile kinachovuta picha kutoka upande uliopotea kuileta upande unaoona. Kuna wanaosaidika nacho wanapotembea. Lakini wengi hulalamika kuumwa kichwa na kuona vitu viwili viwili, na Wakala alikuwa tayari anaumwa kichwa kila alasiri. Sikutaka kumuuzia miwani ya tatu.

Tulichofanya ni kuyafundisha macho tabia mpya: tupa macho kulia kwanza, mbali, kupita pale unapodhani panatosha, ndipo uangalie unachotaka. Macho, si kichwa. Hapa nilikosea mwanzoni. Nilimwambia ageuze shingo, akageuza wiki nzima, akaja shingo imekakamaa na matokeo ni hafifu, maana kichwa ni kizito na cha polepole, na mtu akigeuza kichwa macho hubaki yametulia katikati yake. Jicho huruka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Tukaanza upya.

Vifaa vilikuwa vizibo 40 vya soda na kitambaa cha meza. Mama anavimwaga, nusu vimeangalia juu. Wakala anakusanya vya rangi moja, akianzia ukingo wa kulia kabisa kila mara. Halafu namba zilizobandikwa ukutani kwa upana wa mita 2, shangazi anataja, yeye anagusa. Dakika 15 tu, mara 2 kwa siku. Ubongo ulioumia huchoka kwa namna ambayo mtu mzima haelewi. Nilipomwongezea hadi dakika 40 alitapika. Taa ya mrija pale kwangu nayo ilikuwa inamuumiza, nikaizima, tukawa tunafanya kazi karibu na dirisha. Ule mtandio uliovutwa mbele ulikuwa na sababu yake.

Kwa kuvuka barabara mama ndiye alipata maneno. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukishuka ukingoni, gari la kwanza kukufikia linatoka kulia kwako. Upande ule ule aliopoteza. Tuktuk ilishamkosa mara moja, kwa bahati ya dereva aliyekuwa macho. Nilikuwa nikimwambia kulia, kushoto, kulia, kama tulivyoimbishwa shule ya msingi, naye anasahau akiwa na haraka. Mama akasema, “Si kama unavyotoa salamu? Unamaliza kuswali, unaanza wapi?” Kulia kwanza. Mwili wake ulikuwa unakijua kitendo kile tangu utotoni, mara 5 kwa siku. Sikuhitaji kumfundisha tena kuvuka.

Kibuye tulienda Jumatano kwanza. Jumapili, soko linapofurika, tulikwenda mwezi mmoja baadaye, na tukarudi baada ya dakika 10 kwa sababu alianza kutetemeka. Jumapili iliyofuata alifika mpaka upande wa mitumba.

Kusoma ndiko kulikochukua muda mrefu. Nilijua kwamba kuna wataalamu wa University College London waliotengeneza programu ya mtandaoni iitwayo Read-Right kwa ajili ya watu kama yeye: maneno yanapita kwenye kioo kutoka kulia kwenda kushoto, na jicho, likiyafuata, linajizoeza kuruka kulia tena na tena kulipokea neno lijalo. Maandishi yake ni ya Kiingereza, na simu ya Wakala ilikuwa na kioo kilichopasuka. Tukatengeneza yetu. Nilinunua rola la karatasi ya risiti, lile lile la madukani, nikaandika hadithi kwa kalamu nene kwa mstari mmoja mrefu. Tukakata dirisha kwenye upande wa katoni ya sabuni, mpasuko kila upande, karatasi ikapita ndani. Anavuta kwa mkono wa kushoto. Maneno yanaingia dirishani kutoka kulia. Mwanzo alikuwa anavuta kwa mtetemo, neno moja, kituo, neno moja. Wiki ya tatu karatasi ilianza kwenda kama maji. Mdogo wake alikuwa anaandika rola mpya kila Ijumaa, na nasikia hadithi zilikuwa na mambo ambayo mama hakuyafurahia.

Kwa vitabu tulichora mstari mwekundu pembeni kulia mwa ukurasa. Sheria ilikuwa moja: usirudi kushoto mpaka uuone wekundu.

Kwa tarakimu nilitaka kitu kisichotegemea macho peke yake. Jibu lilikuwa daftari la hesabu la watoto, lenye miraba. Namba ya simu ina tarakimu 10, miraba 10, ukingo wa mwisho umepigwa wino mwekundu. Mraba ukibaki mtupu, namba haijaisha. Kiasi cha pesa kinaandikwa kikianzia kulia, kutoka sufuri ya mwisho kurudi nyuma, kama mtu anayeandika Kiarabu. Hilo la mwisho lilikuwa wazo lake, na sikuwahi kuliona popote.

Baada ya wiki 9 nilipima tena. Mchoro wa mashine ulikuwa ule ule. Mtu asiyejua angesema hatukufanya chochote. Kusoma kulikuwa kumepanda kutoka maneno 38 kwa dakika hadi 71. Kabla ya ajali hakuna aliyempima, lakini mwenyewe anasema bado anajiona kama mtu anayesoma kwa tochi. Katika miamala 50 ya kubuni tuliyofanya mezani pangu, kwa noti za kweli nilizoazima kwa jirani, alikosea 1.

Mwenye kibanda nilimwandikia barua, kisha nikaenda mwenyewe. Nilimwonyesha michoro miwili, nikamfunika nusu ya kitabu chake kwa mkono nikamwambia asome. Alisoma, akacheka, akaacha kucheka. Alisema anaelewa. Pia alisema shilingi 6,300 za upungufu ziko pale pale, na kwamba wateja wakishaamini mtu ni mwizi hawarudi kwa sababu ya barua ya mpima macho. Nilikasirika njiani, ila nikijiweka mahali pake sijui ningefanya nini. Kazi hakurudishiwa. Deni nalo bado linazungumzwa.

Wakala yuko Mumias sasa, kwenye duka la binamu yake karibu na stendi. Kaunta wameigeuza, mlango uko kushoto kwake, hakuna mteja anayemtokea kutoka upande usioonekana. Droo iko kushoto. Daftari la miraba limefungwa kwa kamba kwenye msumari, na watoto wa shule wanaokuja kununua peremende wanalicheka. Bodaboda hapandi. Kichwa kinamuuma bado siku za joto, na mara mojamoja anamwaga chai ya mtu aliyeketi kulia kwake.

Mwezi uliopita nilipokea pesa za ziara ya mwisho, zile alizokuwa ameniomba nimpunguzie. Tulikuwa tumepatana 1,500. Simu ililia nikiwa na mgonjwa, nikatupa jicho, nikaona 150, nikatabasamu kwa huzuni kidogo, nikarudisha simu mfukoni. Dakika 2 baadaye ukaja ujumbe mwingine kutoka namba ile ile: “Daktari, hesabu sufuri.”